Tunamwuliza Jirani, Tunamwacha Mkubwa

 

Leo nina neno juu ya matajiri. Wapo wanaosema jamii yetu inawaonea wenye mali, kwamba mtu akishajenga tu, basi keshakuwa mwizi, mchawi au frimasoni. Wapo wanaojibu kwamba tajiri hana haki ya kulalamika, akae na mali yake atuachie shida zetu. Mimi ni mtu wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika, na nasema tunawaonea matajiri, ndiyo. Ila tunawaonea wale wa karibu, ambao jasho lao tumeliona likitoka, na wale wa mbali ambao ndio hasa walistahili kuulizwa tunawapisha viti vya mbele.

Tushuke mwaloni kidogo. Tuseme kuna mama pale Katonga. Simtaji mtu, kina mama wa namna yake wako wengi kuanzia Katonga hadi Mwamgongo. Alianza kwa kuanika dagaa wa watu, akilipwa dagaa wachache anaowauza kwa kopo. Baadaye akanunua wake, akawaanika mchangani kama wengine. Dagaa wa mchangani bei yake ni ndogo kwa sababu mlaji hataki kutafuna mchanga, kwa hiyo akajinyima, akasimamisha vichanja vya miti na nyavu kuukuu. Ikaja mvua. Jua likagoma siku mbili, na mzigo alioununua kwa fedha yake yote ukaoza mbele ya macho yake. Aliyewahi kupata hasara hiyo anaijua harufu yake. Akakopa, akaanza tena. Akajifunza kununua wakati dagaa wamejaa na bei imeanguka, akawakausha vizuri, akawahifadhi mpaka siku za mbalamwezi, siku ambazo taa hazivuti samaki na boti zinalala ufukweni. Hapo ndipo alipouza. Wanunuzi wa Kalemie na Uvira wakamjua, wa Dar es Salaam wakamjua. Miaka ikapita, akanunua boti, injini, wavu na taa za sola. Halafu akajenga nyumba ya tofali za saruji, akaezeka bati la msauzi.

Siku bati linapanda, mtaa nao unaanza hesabu yake. Hakuna anayehesabu vichanja. Zinahesabiwa misiba. Mumewe alifariki mwaka gani? Mtoto wa dada yake si alizama ziwani? Na yule binti wa kazi aliyeondoka bila kuaga, yuko wapi? Jioni moja tu, kibarazani, mtu anaunganisha vifo vitatu na bati moja, na hukumu inatoka: mali ile si bure, ana ndagu, kawatoa watu kafara. Kuanzia hapo akifiwa tena hapati pole ya kweli. Watu wanakuja msibani, wanakula wali, wanamtazama machoni kuona kama analia.

Msikilizaji, huo ni uonevu mkubwa. Unamnyang'anya mtu kazi yake na pia msiba wake.

Na hauishii kwenye maneno. Tunawajua kamchape, ambao sehemu nyingine huitwa lambalamba. Vijana hao huingia kijijini, mara nyingi kwa kualikwa na kuchangiwa fedha na wanakijiji wenyewe, wakapita nyumba kwa nyumba wakifichua wachawi. Jambo hili si geni katika mwambao huu. Huko Ufipa, kusini mwa ziwa, kamchape walikuwapo enzi za mkoloni, na watafiti wameandika habari zao tangu miaka ya 1960. Katika mkoa wetu, miaka ya karibuni, serikali na polisi wamewapiga marufuku tena na tena, na bado wanarudi. Nyumba zimechomwa, watu wamehama vijiji walivyozaliwa. Anayenyooshewa kidole ni nani? Ni kikongwe anayeishi peke yake, au ni mwenye duka, mwenye mashine ya kukamua mawese, mwenye ng'ombe wawili zaidi ya jirani. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na wengi hawajui kwamba sheria hiyo humwadhibu pia anayemsingizia mwenzake uchawi.

Najua utaniambia, lakini wapo waliotafuta utajiri kwa damu. Kweli, wapo, na sitalipita jambo hilo haraka. Tulishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyopamba moto katika mikoa ya kanda ya ziwa na huku magharibi kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Watoto walikatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta dhahabu mgodini na samaki wavuni. Shule ya Kabanga kule Kasulu iligeuka kuwa kimbilio la watoto ambao makwao hakukuwa salama tena. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu ikaanza kutoa hukumu za kifo. Lakini tazama walioonekana kizimbani. Wengi walikuwa waliotumwa, walioshika panga. Waliotuma, wenye fedha ya kununua mkono wa mtoto, ni nadra sana kuwasikia wakitajwa mbele ya hakimu. Sasa pima mwenyewe. Mama wa Katonga anahukumiwa na mtaa mzima bila ushahidi wowote, na mnunuzi aliyemwaga damu kweli jina lake hatulijui hadi leo. Ramli imepigwa kila kijiji, na yeye haikumpata.

Wala sisemi swali la mali limetoka wapi ni swali baya. Mtu wa Ujiji hawezi kuambiwa hivyo. Ujiji yetu ilikuwa mji wa matajiri wakati Kigoma bado ni kijiji cha wavuvi. Hapa ndipo misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilipofikia, na hapa ndipo pembe za ndovu kutoka ng'ambo, Manyema na kwingineko, ziliposhushwa kwenye mitumbwi. Alikaa hapa Mwinyi Kheri, akaja Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mshirika wa Tippu Tip. Walikuwa na nyumba kubwa, mashamba na wafuasi wengi wenye bunduki. Pembe zile zilibebwa mabegani na watu, na wengi wa watu hao walikuwa bidhaa wenyewe. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe kwenye mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara walifyatua risasi sokoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji, na mmisionari David Livingstone aliyekuwepo akaandika aliyoyaona. Mali ya soko lile ilipita njia hii hii yetu. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia hiyo ya watumwa na pembe, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, iwekwe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Kwa hiyo bibi zetu walipokuwa wakimtazama tajiri na kuuliza kimya kimya ni nani aliyelipia mali hii, walikuwa na sababu. Walikuwa wamewaona waliolipia wakipita wamefungwa minyororo.

Ila Ujiji ile ile inatuonyesha pia ramli inavyoweza kugeuka ufunguo wa mwizi. Livingstone aliporudi kutoka Nyangwe Oktoba 1871, mgonjwa, miguu imechoka, alitegemea kukuta vitambaa na shanga alizoletewa kutoka pwani, mali ambayo angeishi kwayo na kulipa watu wake. Hakukuta kitu. Bwana aliyekabidhiwa mzigo ule, ambaye Livingstone anamwita Shereef, alikuwa ameuza vyote na kujinunulia watumwa na pembe. Na sababu yake, kama Livingstone alivyoiandika katika kumbukumbu zake, ni kwamba alipiga bao kwa msahafu, bao likamwonyesha kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi aliyekuwa akimtafuta, akafika, na dunia nzima inakumbuka salamu ya wale wawili chini ya mwembe. Mimi kila nikipita pale kwenye mnara wa kumbukumbu yao namkumbuka zaidi Shereef. Alichukua mali ya mtu kwa ushahidi ambao mwenye mali hakuweza kuupinga kwa sababu hakuwepo, na hata angekuwepo, utapingaje bao?

Tuje kwenye zama zetu. Mwaka 1962, kabla hata ya Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu juu ya ujamaa, na ndani yake kuna wazo ambalo tumelisahau. Alisema ujamaa ni moyo wa mtu, ni namna anavyowatazama wenzake. Akasema milionea anaweza kuwa mjamaa, akiithamini mali yake kwa kuwa inawafaa wenzake, na maskini naye anaweza kuwa bepari moyoni, akisubiri tu siku apate nafasi ya kuwanyonya wengine. Mwalimu hakuhesabu mabati. Aliuliza mali inawafanyia nini watu.

Lilipokuja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, miiko yake iliwabana viongozi kwanza. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Narudia, kiongozi. Swali la mali lilielekezwa kwa mwenye madaraka, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la wote. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote mpaka leo. Lakini wimbo uliofika vijijini ulikuwa mwingine. Tulipofika 1976, katika Operesheni Maduka, aliyeitwa kupe na mnyonyaji alikuwa mzee mwenye kibanda cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Vibanda vilifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na duka la kijiji, na mahali pengi duka la kijiji lilikuwa rafu tupu. Watu wakatembea mbali zaidi kutafuta kiberiti kile kile. Operesheni ikasitishwa mwaka ule ule.

Kisha 1983. Wenye umri wangu tunaikumbuka. Nchi ilikuwa imetoka vitani, fedha za kigeni zimekwisha, sabuni inatafutwa kama dawa. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi mwezi Machi. Sina shaka hata kidogo na usafi wa Sokoine. Alikuwa mtu mwadilifu, na alipofariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 nchi ililia machozi ya kweli. Nasema juu ya wavu, ulivyotegwa. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa katika muda mfupi. Sheria ilitungwa baada ya watu kuwa ndani tayari, mahakama maalumu ikaundwa, bila dhamana na bila wakili. Nchi nzima watu walitupa mali usiku, kanga, sukari, dawa za meno, wakazitupa baharini, vichakani, chooni, kwa sababu kukutwa na katoni kumi za sabuni kulitosha kukufanya mhujumu. Fikiria mpakani kama hapa, ambapo mtu ana shangazi Burundi na ghala lake ni chumba anacholala. Mwaka uliofuata sheria hiyo ikafutwa, ikatungwa nyingine yenye utaratibu wa kimahakama. Wapo waliokuwa walanguzi kweli, walioficha chakula wakati watoto wana njaa, na hao walistahili adhabu. Lakini mwenye katoni kumi na aliyekuwa akitia saini vibali vya kuagiza maelfu ya katoni hawakuwa na kosa la ukubwa mmoja, na wa kwanza ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa.

Tabia hiyo ya kumkamata aliye rahisi imebaki nasi.

Novemba 2014 tulikaa na redio masikioni tukisikiliza Bunge likijadili akaunti ya Tegeta Escrow. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetoka Benki Kuu. Aliyeisoma taarifa ya kamati alikuwa Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati ule, kijana wetu. Tulijivuna, tulipiga makofi. Miaka sita kabla yake, mwaka 2008, waziri mmoja alikuwa ameziita vijisenti fedha zake zilizokutwa ng'ambo, zaidi ya dola milioni moja, na akajiuzulu. Tuliudhika juma zima. Halafu? Mtu wa namna hiyo akija kesho kwenye harambee ya kanisa au ya msikiti wetu, atakaa wapi? Atakuwa mgeni rasmi. Ataahidi milioni tano, ukumbi utalipuka kwa vigelegele, na hakuna kinywa kitakachouliza imetoka wapi. Mama wa Katonga naye atakuwa amechangia laki mbili kimya kimya, na wanaorudi nyumbani usiku watasema laki mbili zile anatakasia mikono. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na sisi tunachagua mkono wa kulamba kwa ukubwa wa bahasha.

Mtu akiniuliza kama Watanzania tunachukia utajiri wenyewe, nitamkumbusha Juni 2020. Mchimbaji mdogo kule Simanjiro, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, akapokea shilingi bilioni 7.74. Mfugaji amekuwa bilionea kwa siku moja! Kama kuna utajiri wa ghafla ambao ungezaa maneno, ni ule. Lakini nchi ilifurahi. Rais wa wakati huo alimpigia simu, watu wakamwombea, yeye akasema atajenga shule kwao na atachinja ng'ombe asherehekee. Nimelifikiria sana hilo, na jibu ninaloliona ni kwamba jiwe lilikuwa mezani. Lilipimwa, likapigwa picha, bei ikatangazwa, malipo yakaonekana. Hakuna aliyehitaji mganga amweleze mali imetoka wapi. Mfanyabiashara Reginald Mengi naye, alipofariki Mei 2019, watu wasio na kitu walijipanga barabarani kumlilia. Walikuwa wameijua mali yake kwa sahani ya wali, kwa miaka mingi ya kuwakaribisha walemavu chakula.

Kwa hiyo nina neno kwa wenye mali wetu pia, hasa wenye boti, ambao wavuvi wao wanawaita tajiri kila siku. Nawatetea, lakini nanyi mna sehemu yenu. Uvuvi wa hapa ni wa mgawo. Boti inarudi alfajiri, dagaa wanauzwa, inatolewa petroli, inatolewa gharama ya wavu uliochanika, inatolewa rejesho la mkopo wa injini, na kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kila mtu mwaloni anaujua utaratibu huo. Asichokijua mvuvi ni hesabu yenyewe. Anaambiwa, mafuta yamekula kiasi hiki, wavu umekula kiasi hiki, sehemu yako ni hii. Daftari liko wapi? Liko kichwani mwa tajiri. Huyo mvuvi amekesha, amepigwa na mawimbi, pengine ameponea chupuchupu kwa maharamia wenye bunduki wanaowavua watu injini katikati ya ziwa. Ukimpa elfu chache bila kumwonyesha karatasi, atajaza mwenyewe pale palipobaki wazi, na atajaza kwa neno ndagu, kwa sababu ndilo neno alilonalo. Mali bila daftari huisha bila habari, na ukiwa hai bado, wengine hukutungia habari.

Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike na kuzaliana, pengo hili la hesabu lilionekana wazi. Tajiri akisema wakati kama huo sina kitu cha kuwakopesha, huku bati jipya linapanda, unadhani mvuvi atamwamini? Na huenda ni kweli hana, bati ni la mkopo wa mwaka juzi. Lakini nani anajua?

Hata kwa wakubwa njia ni hiyo hiyo. Tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu mwaka 1995, inayomtaka kiongozi ajaze fomu ya mali na madeni yake kila mwaka. Fomu zinajazwa, zinapelekwa Sekretarieti ya Maadili, zinahifadhiwa. Hazisomwi kwenye mkutano wa kata wala hazibandikwi mlangoni pa ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwananchi anayelala akimchunguza jirani yake kwa tundu la ufunguo hajawahi hata kuuliza fomu ya diwani wake ina nini. Ningependa nguvu tunazozitumia kuhesabu misiba ya watu tuzitumie kudai fomu hizo zisomwe hadharani, kwa sababu barabara ya kijiji chako na dawa za zahanati yako zinapitia mikononi mwa huyo aliyejaza, hazipiti kwa mama wa vichanja.

Wewe uliyeko mwaloni unanisikiliza, kama kwenu yuko mwenye boti anayefungua daftari na kusoma hesabu mbele ya wavuvi wake kabla ya mgawo, tupigie simu. Tunataka kumsikia anavyofanya, amepata faida gani na shida gani, na wavuvi wake nao tutawapa nafasi waseme kama hesabu anazosoma wanazikubali.